Kutoka mkonge hadi mkongo: jinsi ya kuanzisha duara la kusoma maktabani Tanga

Kila baada ya wiki mbili tatu napata ujumbe wa namna moja. Mwalimu wa Muheza, binti aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, mzee mmoja wa Pangani aliyestaafu: wote wanataka kuanzisha kikundi cha kusoma kwenye maktaba iliyo karibu nao, wasome habari za utandawazi na teknolojia, na wote wanauliza yale yale. Nianze na kitabu gani? Watu watakuja bila posho? Kama intaneti hakuna je? Mkutubi atakubali? Nimeona niandike mara moja, kila atakayeuliza nimtumie hii.

Ninayoyaeleza ndiyo tuliyofanya Tanga mjini, kwenye Maktaba ya Mkoa, lile jengo ambalo wazee wengine bado wanaliita King George. Ukiwa Korogwe au Bagamoyo badilisha mifano, hatua zibaki zile zile.

Jambo moja ulijue kabla ya yote: neno "utandawazi" linafukuza watu. Tangazo letu la kwanza liliandikwa "Programu ya Usomaji wa Jamii kuhusu Utandawazi na Teknolojia". Wakaja watu wanne, na wawili kati yao walidhani ni semina yenye bahasha. Tangazo la pili liliandikwa "Mkonge ulifikaje Tanga? Njoo tusome pamoja." Wakaja 26, viti vikapungua, vijana wakakaa madirishani. Utandawazi ulikuwemo humo humo, ila tuliupitisha mlango wa uani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Chumba au kona ya maktaba kwa saa moja na nusu kila wiki, au kila baada ya wiki mbili. Kona inatosha, ilimradi msiwasumbue wanafunzi wanaojisomea.
- Watu watatu wa kushika kazi: mmoja wa kuongoza mazungumzo, mmoja wa kuandaa maandishi na kutoa kopi, mmoja wa kupokea watu na kuandika majina. Ukifanya yote peke yako utachoka kikao cha tatu. Nilichoka.
- Kopi za maandishi. Sisi tulitoa 20 kwa kila kikao, karatasi moja mbele na nyuma, na zikizidi wasomaji walisoma wawili wawili.
- Kitu cha kushika mkononi. Nitakieleza kwenye hatua ya pili, usikiruke.
- Karatasi kubwa za kubandika ukutani, maka peni mbili, na gundi ya karatasi. Projekta si lazima. Nasema hivyo kwa sababu umeme wa kikao chetu cha pili ulikatika dakika ya kumi, na aliyeokoa siku alikuwa ni karatasi.
- Miwani ya kusomea ya akiba, hata mbili. Hili hakuna aliyeniambia. Watu wazima wengi wanaosema "mimi si msomaji" shida yao ni macho.
- Maji ya kunywa. Chai na vitumbua mkiweza, ila ulizeni kwanza kama maktaba inaruhusu kula ndani. Nyingi haziruhusu, na wana haki.

Huhitaji fedha za mfadhili. Huhitaji vitabu 20 vya aina moja. Huhitaji intaneti siku ya kikao.

Hatua ya 1: Nenda ukaonane na mkutubi, barua itafuata

Wengi huanza kwa kuandika barua ndefu yenye "Yah:" na mihuri ya serikali ya mtaa. Barua itahitajika, lakini ikitangulia peke yake inaingia kwenye faili na kulala. Nenda mwenyewe, asubuhi, siku isiyo na wanafunzi wengi. Salimu, eleza kwa maneno machache: tunataka kusoma pamoja Jumamosi, watu kama 20, hatutauza kitu, hatutachangisha, si chama cha siasa. Halafu muulize yeye anahitaji nini.

Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango. Wakutubi wengi wana deni lao: wanatakiwa kuonyesha kwamba watu wanakuja maktabani, na mara nyingi wanaokuja ni wanafunzi wa mitihani peke yao. Ukimwambia utampa orodha ya mahudhurio kila mwezi, umeshamsaidia kuandika ripoti yake.

Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa hiyo mkutubi ana wakubwa wake wa kuwajulisha. Mpe nafasi afanye hivyo. Usimkasirikie akikuambia urudi wiki ijayo.

Onyo: usipange siku kabla hujauliza saa za kufungua na kufunga Jumamosi. Kuna wenzetu wa mji mwingine walitangaza kikao cha saa 9 alasiri, wakakuta geti lina kufuli.

Hatua ya 2: Chagua kitu, mada itakuja yenyewe

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukisema "leo tunasoma kuhusu biashara ya dunia," watu wanakaa kimya na kukuangalia kama mhadhiri. Ukiweka mezani fungu la singa za mkonge na kuuliza "hiki ni nini, na kimetoka wapi?", kila mtu Tanga ana la kusema. Mwingine baba yake alikuwa mkata mkonge, mwingine amezaliwa kambini, mwingine anakumbuka harufu ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Mkianza na mdomo uliokwisha kufunguka, kusoma kunakuwa kutafuta majibu ya maswali waliyoyauliza wao wenyewe.

Na mkonge ni somo zima la utandawazi kwenye mmea mmoja. Asili yake ni Mexico, na jina la sisal limetokana na bandari ya Sisal kule Yucatan. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo wa 1893 ndipo reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara, ikafika Moshi 1911. Miche 62! Kutoka hiyo Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 uzalishaji ulifika kama tani 230,000. Halafu wakemia wa nchi za mbali wakatengeneza kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na mashamba ya Korogwe na Muheza yakaota vichaka. Mmea umeletwa na meli, umeondolewa na maabara. Mtu akishalielewa hilo, hahitaji umweleze maana ya utandawazi.

Kwa hiyo kila kikao kiwe na kitu chake. Kitu kizuri kina sifa tatu: kinashikika, kila mtu amewahi kukitumia au kukiona, na kimepita nchi zaidi ya moja. Kanga. Simu mbovu iliyofunguliwa. Shati la mtumba lenye lebo. Sarafu ya zamani.

Kosa la kawaida: kuchagua kitu cha ajabu ili kuwafurahisha watu. Rafiki yangu alileta drone aliyoazima. Muda wote ukaisha watu wakipiga nayo picha, hakuna aliyesoma hata mstari.

Hatua ya 3: Andaa ukurasa mmoja

Usiwape watu kitabu waende nacho nyumbani. Najua inauma kusikia hivyo maktabani, lakini fikiri: mama anayeuza samaki Deep Sea, dereva wa bodaboda, kijana anayelinda usiku, wiki nzima watapata wapi saa tatu za kusoma? Wakija hawajasoma wataona aibu, na wiki inayofuata hawaji kabisa. Someni pale pale, pamoja, kwa sauti. Kitabu kizima kitaazimwa baadaye na yule aliyewashwa na ukurasa.

Ukurasa wenyewe uwe hivi:

Maneno 500 hadi 700, hayazidi. Herufi saizi 14, mistari isibanane. Kiswahili. Habari ikiwa kwa Kiingereza, iandike upya kwa maneno yako badala ya kuitafsiri sentensi kwa sentensi. Mwishoni maswali matatu tu, na lolote linaloweza kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" lifute.

Habari utazipata wapi? Anza na rafu za maktaba hiyo hiyo: ensaiklopidia, vitabu vya historia na jiografia vya sekondari, magazeti ya zamani kama yamehifadhiwa. Makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani nayo inafaa kwa picha na historia ya mji. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na kwa programu iitwayo Kiwix unaweza kuipakua yote kwenye simu ukiwa mahali penye mtandao wa bure, kisha ukaisoma bila bando. Lakini usitegemee chanzo kimoja. Kila namba utakayoiandika uwe umeikuta sehemu mbili.

Onyo kubwa: siku hizi watu wanaandikiwa kila kitu na programu za akili unde. Nilijaribu mara moja nilipokuwa na haraka. Kiswahili kilikuja laini kama halua, lakini mkonge ukawa umetoka India na reli ikawa imejengwa na Waingereza. Bahati nzuri nilisoma kabla ya kwenda kutoa kopi. Ukiitumia, itumie kukusahihishia tahajia, na historia uitafute mwenyewe.

Onyo la pili: usitoe kopi ya kitabu kizima, au sura nzima nzima, na kugawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na maktaba ndiyo mahali pa mwisho pa kuivunja. Andika muhtasari wako, na kitabu chenyewe kiweke mezani watu wakione.

Hatua ya 4: Panga vikao sita, kisha simameni

Sita ni namba niliyoipata kwa makosa. Tulianza bila mwisho, watu wakapungua polepole hadi wakabaki watano, tukaona tumeshindwa. Ukitangaza sita tangu mwanzo, mtu anajua anamaliza lini, na hata akikosa kimoja anarudi. Mkimaliza pumzikeni mwezi mmoja, mwanze vingine.

Hivi ndivyo tulivyopanga vyetu:

Kikao cha kwanza, mkonge. Nimeshaueleza.

Cha pili, kanga na merikani. Leteni kanga mbili tatu za miaka tofauti na msome majina yake, hiyo peke yake ni nusu saa ya vicheko. Kisha mada: kitambaa kilichoitwa merikani kilipewa jina hilo kwa sababu kilitoka Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts, karne ya 19. Neno leso tumelichukua kwa Wareno. Kanga zenyewe kwa miaka mingi zimechapwa Ulaya, India na Japani kwa ajili ya wanawake wa pwani hii, na wao ndio waliokuwa wakiagiza rangi na maneno wanayoyataka. Mteja wa Tanga akiamua kiwanda cha ng'ambo kichape nini: hapo mnapata mjadala mzuri wa nani anamtawala nani.

Cha tatu, maneno. Hiki hakina gharama. Andika ukutani shule, hela, meza, duka, waulize yametoka wapi. Shule ni Kijerumani, hela ni sarafu ya Kijerumani iliyoitwa Heller, meza ni Kireno, duka limekuja na Wahindi. Wazee wanakipenda sana kikao hiki kwa sababu wanawashinda vijana.

Cha nne, mkongo, yaani kebo inayoleta intaneti. Baada ya mkonge watu wanacheka wakisikia jina, na kicheko hicho kitumie. Kabla ya 2009 intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na ya kusuasua. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kufanya kazi Dar es Salaam, ukipita chini ya Bahari ya Hindi, na ndani yake nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zinazopitisha mwanga. Wengi katika duara letu waliamini intaneti inatoka angani, au "inatoka kwenye mnara". Mweleze mtu kwamba mnara ni hatua ya mwisho tu, na kwamba ujumbe wake kwa mwanawe aliyeko Muscat unavuka bahari kama jahazi la babu yake, ila wenyewe unapita chini. Kisha soma habari ya Jumapili, Mei 12, 2024, siku mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika upande wa kusini na intaneti ikaanguka Tanzania na nchi jirani. Kila mmoja anakumbuka alikuwa wapi. Dada mmoja wa wakala wa fedha Makorora alituambia siku hiyo alidhani simu yake imeingia maji, akaiweka kwenye mchele.

Cha tano, pesa ya simu. Ilianza Kenya 2007, Vodacom wakaileta M-Pesa hapa 2008. Someni historia, halafu muingie kwenye tozo ya miamala ya Julai 2021. Hapa kiongozi awe macho, watu watapandisha sauti.

Cha sita, bomba la mafuta. Linatoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa hapa kwetu, kilomita 1,443. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba linapashwa joto njia nzima. Mwanahisa mkubwa ni TotalEnergies ya Ufaransa. Wachina wamo, Uganda wamo, na sisi tumo. Niliacha mada hii mwisho kwa makusudi. Ina ardhi ya watu, fidia, ajira na mazingira, na duara ambalo halijajenga mazoea ya kusikilizana litapasuka. Kama vikao vitano vya kwanza vilikwenda kwa kelele, iache kwanza, soma mitumba badala yake.

Hatua ya 5: Tangaza kwa mdomo

Tangazo moja ukutani maktabani, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, ujumbe mmoja mfupi wa WhatsApp. Basi. Kazi ya kweli inafanywa na mdomo: kijiwe cha kahawa barabara za Ngamiani, kikoba cha kina mama, imamu au mchungaji anayekufahamu. Omba kila mmoja wa wale watatu wenu alete watu wawili anaowajua kwa jina.

Kuhusu siku: Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 5 na nusu ilitufaa, kina mama wanarudi nyumbani kupika na adhuhuri haijaingia. Ijumaa usiiguse. Mwezi wa Ramadhani simamisheni. Na Mfungo Sita, maulidi yakianza, usishangae nusu ya watu wakipotea.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Viti vipangwe duara. Si mistari kama darasani, na kiongozi asikae nyuma ya meza.

Dakika 10 za kwanza, kitu kipite mkononi kwa mkono. Kila mtu akishike aseme neno moja au hadithi fupi. Mtu akisema sana, kitu kinaendelea mbele, naye atanyamaza.

Dakika 25, kusoma kwa sauti. Aya moja moja, anayetaka ndiye anasoma. Usizunguke kwa zamu hata siku moja. Katika kila watu 20 kuna asiyejua kusoma vizuri na hatakuambia. Zamu ikimkaribia atakwenda "kupokea simu" na hutamwona tena. Sisi tulimpoteza mtu mmoja hivyo, fundi mzuri wa baiskeli, na mpaka leo akiniona njiani anavuka upande wa pili.

Dakika 40, maswali matatu. Wagawe vikundi vya watu wanne wanne kwa swali la kwanza, kisha rudini wote. Vijana wawaamkie wazee, wazee waachwe waanze, lakini kiongozi ahakikishe kabla ya dakika 15 kupita kijana mmoja na mwanamke mmoja wameshasema. Kwetu heshima inaweza kumziba mdomo mtu mwenye jambo zuri.

Kiongozi hajibu maswali. Anauliza "wewe unaonaje?" na "imeandikwa wapi kwenye karatasi?" Hilo la pili ndilo breki ya kila ubishi.

Dakika 15 za mwisho, kila mmoja aseme alichokipata kipya, na mkutubi apewe nafasi aonyeshe vitabu viwili vitatu vinavyohusiana na mada, na jinsi ya kujiunga na kuazima.

Usisahihishe watu kwa haraka. Kikao cha kwanza karatasi yangu ilisema "wafanyakazi wa mashamba walitoka mikoa mbalimbali." Babu mmoja wa miaka 80 na kitu akaweka karatasi chini. "Mwanangu, nani kakuandikia hivi? Andika manamba. Mimi nimekuja na gari kutoka Songea, nikapewa namba kabla sijapewa kisu. Na kipande changu, kadi ya kazi, kilikuwa na siku 30, hujazimaliza, hulipwi." Nikamwambia, "Ahsante babu, nitarekebisha." Akacheka, "Rekebisha sasa hivi, kalamu unayo." Nikarekebisha mbele yao. Kuanzia siku hiyo kila kikao kilikuwa na mtu wa kuisahihisha karatasi, na karatasi zilizosahihishwa ndizo tunazozitunza.

Hatua ya 7: Mgeni mtaalamu, kwa masharti

Utashawishika kumwita mhandisi, mhadhiri, au mtu wa benki. Mwite, lakini akae kwenye duara kama wengine, asome aya yake, azungumze dakika 10 baada ya watu kujadili, si kabla. Tulimwita mmoja akaja na slaidi 60. Alikuwa na elimu, sikatai. Saa moja baadaye bibi aliyekaa karibu nami alikuwa amelala fofofo na kanga usoni.

Hatua ya 8: Andika, lakini usiandike kila kitu

Daftari moja: tarehe, mada, idadi ya watu, jambo moja lililozuka. Majina na namba za simu ziandikwe na anayetaka tu, na daftari lisiachwe mezani likipitiwa na kila mtu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria kuna adabu: dada mmoja alianza kupigiwa simu usiku na mtu aliyenakili namba yake kwenye orodha yetu. Tangu hapo namba anazitunza mtu mmoja.

Mambo yakikwama

*"Watu wanadai posho."* Watadai, semina zimetuzoesha. Sema mapema, kwenye tangazo lenyewe: hakuna posho, hakuna nauli, kuna kusoma. Watakaobaki ndio wenyewe. Usijaribu kulipa kidogo mara ya kwanza ili kuwavuta, kwa sababu mara ya pili hutakuwa na jibu.

*"Wanakuja wapya kila wiki, wa zamani hawaonekani."* Hii ndiyo Tanga, waja leo waondoka leo. Hakikisha kila ukurasa unajitegemea, asiyesoma wa wiki iliyopita asipotee. Kisha mpe kazi yule unayetaka arudi: abebe kanga, aazime mkonge kwa shemeji yake, apange viti. Mwenye kazi harudi nyuma.

*"Kuna mtu mmoja anaongea peke yake."* Mfanye mwandishi wa karatasi ya ukutani. Anayeandika hawezi kusema sana. Akizidi, mkubwa wake kwa umri amwambie faragha. Usimwambie wewe mbele za watu.

*"Mjadala umegeuka siasa."* Rudi kwenye karatasi. Kama haitoshi, rudi kwenye kitu. Kama bado, pumzika dakika tano watu wanywe maji. Kwenye kikao cha tozo nilitumia njia zote tatu.

*"Wanafunzi ndio waliojaa, watu wazima hakuna."* Umetangaza shuleni. Wapeni wanafunzi kikao chao siku nyingine, au waje kila mmoja na mtu mzima mmoja wa nyumbani kwao. Hilo la pili lilituletea mabibi saba kwa mpigo.

*"Watu wanataka kujifunza kompyuta, si kusoma."* Ombi la haki, usilidharau. Baada ya kikao bakini nusu saa, anayejua amwonyeshe asiyejua kwenye simu yake: kuweka neno la siri, kutambua ujumbe wa matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Ila usigeuze duara zima kuwa darasa la kompyuta, maktaba ikiwa na kompyuta tatu mtaishia kugombania viti.

*"Kiswahili cha mada kinanishinda."* Mkikuta neno gumu, waulize waliokaa mbele yako kabla hujafungua kamusi. Sikujua jina la mashine ya kuchakata mkonge, nilikuwa nimeandika maneno matano kuieleza. Watu watatu wakasema kwa pamoja: korona.

*"Mkutubi amehamishwa."* Hutokea. Ndiyo maana barua ya hatua ya kwanza iwepo kwenye faili, na nakala unayo, na ripoti za mahudhurio zimeambatanishwa. Nenda kwa mpya, anza tena na salamu. Na kila mkimaliza kikao rudisheni viti kama vilivyokuwa na mfagie. Mkutubi wetu wa pili alikubali kutupokea, alituambia baadaye, kwa sababu mlinzi alimwambia sisi tunafagia.